SOMO: KARTE YA MITUWELI NA MAPATANO YA MWAKA MPYA

Ndugu wasomaji, na ninyi mnaotunza wagonjwa, somo hili ni la pande zote mbili. Tutajifunza habari za mituweli ya afya, ni kusema chama cha watu wanaokusanya feza wakati wa uzima ili ziwalipie wakati wa ugonjwa. Watu wengi wanajua namna ya kuingia katika mituweli. Ni wachache wanaojua ya kuwa mapatano yake yanaweza kugeuzwa kila mwaka. Kutokujua huko kunaleta machozi mlangoni pa hospitali, hata kwa mtu aliyelipa mchango wake kwa uaminifu.

1. Mituweli ni nini?

Wote tunajua likelemba. Kila mtu anatoa, na zamu yake ikifika anapokea feza zote. Mituweli si hivyo. Hapa hakuna zamu, kwa maana ugonjwa haungoji zamu. Wengi wanatoa, na feza zinatumiwa kwa wale walioshikwa na ugonjwa.

Kwa sababu hiyo mtu asiseme mwisho wa mwaka, "Sikuugua, nirudishieni feza zangu." Feza zake zimekwisha kulipia kupasuliwa kwa mtoto wa jirani. Mwaka ujao pengine feza za jirani zitamlipia yeye. Yosefu aliweka nafaka ya Misri katika miaka ya shibe. Hakungoja njaa ifike ndipo ajenge ghala. Nasi tusingoje homa ndipo tutafute karte.

2. Mfano wa Bwamanda

Bwamanda iko kaskazini-magharibi ya inchi yetu, siku hizi katika jimbo la Sud-Ubangi. Mwaka 1986, wakati inchi ilipoitwa Zaire, mpango wa kulipia matibabu ya hospitali ulianzishwa kule. Tutazame mambo manne ya mpango ule.

Kwanza, mchango ulipokewa wakati wakulima walipouza mavuno yao. Feza zilikuwa mkononi, hazijaisha bado.

Pili, waliandikishwa jamaa nzima pamoja, si mtu mmoja mmoja. Kama baba angemwandikisha mtoto mgonjwa tu na kuwaacha wazima, sanduku lingejaa wagonjwa peke yao, na feza zingekwisha upesi.

Tatu, mgonjwa alipaswa kwanza kupita kituo cha afya, na enfirmie wa kituo ndiye aliyemtuma hospitalini. Hivyo kikohozi kidogo hakikumaliza feza za watu wanaohitaji kupasuliwa.

Nne, sanduku halikulipa yote. Katika kila 100 ya fakture, sanduku lililipa 80, na mgonjwa 20. Sehemu hii ya mgonjwa ilimfanya kila mtu awe mwangalifu.

Katika mwaka wa kwanza zaidi ya robo ya watu wa wilaya waliingia, na miaka iliyofuata walipita nusu. Watu wa shamba, wenye feza kidogo, walionyesha ya kuwa wanaweza kuchukuliana mizigo ya matibabu, wakielewa vema wanalipa nini na watapata nini.

3. Kwa nini mapatano yanageuzwa?

Wengine wanasema, "Mwaka jana tulilipa kidogo, mwaka huu wameongeza. Wametuibia." Tusihukumu upesi. Zaire ya zamani ilipoteza nguvu hata mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua mahali pa zaire 3,000,000. Mwaka 1998 franka ya Kongo ikachukua mahali pa zaire mpya 100,000. Je, mchango usiogeuzwa hata kidogo ungenunua dawa gani baada ya mambo hayo? Usingenunua hata kidonge kimoja. Bei ya dawa ikipanda na mchango ukibaki palepale, sanduku linakufa, na wagonjwa wanabaki pasipo msaada.

Serikali nayo inaweza kuleta jambo jipya. Mwezi wa 9 wa mwaka 2023 ilianza mjini Kinshasa kazi ya kulipia akina mama wanapozaa, pamoja na matunzo ya mtoto mchanga. Kisha kazi ikaendelea katika majimbo mengine. Lakini si kila hospitali imo. Basi mama mwenye mimba aulize mapema: "Hospitali hii imo katika mpango wa serikali? Kama haimo, mituweli yangu inalipa sehemu gani?" Swali hili likiulizwa mwezi wa 5 wa mimba ni jepesi. Likiulizwa usiku wa uchungu ni zito.

Kugeuza mapatano si kosa. Kosa ni kugeuza kimya-kimya. Mapatano mapya yasemwe katika mkutano wa washiriki, yaandikwe, yasomwe kanisani na sokoni, na yabandikwe ukutani mwa kituo cha afya kabla ya siku yanapoanza kufuatwa. Wasiojua kusoma wasomewe.

4. Maneno sita ya kuuliza kila mwaka

(a) Mchango ni kiasi gani kwa kila mtu, na siku ya mwisho ya kulipa ni ipi?

(b) Karte inaanza kufanya kazi siku gani? Mituweli nyingi zinaweka muda wa kungoja kwa mshiriki mpya, ili mtu asiingie leo kwa sababu atapasuliwa kesho.

(c) Ni vituo gani na hospitali gani zilizo na mapatano na mituweli yetu mwaka huu? Hospitali ya mwaka jana pengine haimo tena.

(d) Magonjwa gani na dawa gani zinalipiwa, na zipi hazilipiwi?

(e) Sehemu ya mgonjwa ni kiasi gani?

(f) Nani anaandika barua ya kutumwa hospitalini, na inakuwaje ikiwa hatari ni kubwa?

Tufanye hesabu kidogo juu ya neno la (e). Tuseme fakture ni franka 100,000. Kama sehemu ya mgonjwa ni 20 katika 100, atalipa 20,000 na mituweli 80,000. Kama mwaka mpya umeigeuza kuwa 30 katika 100, atalipa 30,000. Tofauti ni franka 10,000. Mtu aliyejua mapema amekwisha kuuza kuku na kuziweka. Asiyejua anazuiliwa hospitalini baada ya kupona, na shamba lake linaota majani.

Juu ya neno la (f), sikilizeni sana. Mama anayetoka damu nyingi, au mtoto anayeshikwa na degedege, asikalishwe nyumbani kwa ajili ya karatasi. Apelekwe upesi. Ndugu mmoja aende nyuma kutafuta barua, kwa siku zilizoandikwa katika mapatano.

5. Neno kwa wanaotunza wagonjwa

Enfirmie, munganga na mwenye kuandika kwenye kaunta, ninyi ndio mlango wa mituweli. Mgonjwa haoni mkutano wa wakubwa. Anaona uso wako.

Soma mapatano mapya kabla ya mgonjwa kufika. Kama wewe unasema 20 na mwenzako wa zamu ya usiku anasema 30, watu watafikiri ya kuwa mmoja wenu ni mwizi. Tazama karte, tazama mwaka wake, na hesabu majina ya jamaa. Sema sehemu ya mgonjwa kwa wazi, mbele ya ndugu zake, tena mpe karatasi yenye hesabu.

Usiongeze dawa kwa kuwa mituweli inalipa. Sindano isiyo na faida imelipwa na mjane aliyeuza mihogo yake. Peleka fakture kwa mituweli kila mwezi, zisirundikane mpaka zikose kuaminiwa. Mituweli nayo ilipe kwa siku iliyopatana. Ikichelewa miezi mingi, duka la dawa linakuwa tupu, na mwenye karte anaambiwa akanunue dawa sokoni. Hapo anauliza, "Nililipa mchango kwa sababu gani?" Mwaka ujao harudi, wala jirani zake hawarudi.

6. Neno kwa wenye karte

Usiazimishe karte yako, hata kwa shemeji. Jina la mtu mwingine likiandikwa katika fishi yako, siku moja utapewa dawa ya ugonjwa wake. Hiyo ni hatari ya mwili, si ya feza tu.

Usidai sindano na serumu kwa kusema, "Nimekwisha kulipa." Ulilipia matunzo yanayokufaa, si kila kitu unachokiona.

Mtoto akizaliwa, mwandikishe upesi. Mtu akihama au akifa, sema. Na siku ya mkutano wa hesabu, fika. Uliza feza ngapi ziliingia, ngapi zilitoka, ngapi zilibaki. Inchi yetu ina sheria ya mituweli, ya tarehe 8 Februari 2017. Mituweli ni mali ya washiriki wake, na mshiriki anayeuliza kwa heshima si mgomvi. Analinda sanduku la wote.

Ninyi wazee wa kanisa na viongozi wa akina mama, mnaweza kusaidia kwa jambo moja rahisi. Kabla ya siku ya mwisho ya mchango, someni maneno yale sita mbele ya watu, pamoja na majibu ya mwaka huu. Itachukua dakika chache. Kisha kila jamaa iende nyumbani, itazame karte yake, na iweke sehemu ya mgonjwa mahali pa salama.

Maulizo

1. Mituweli na likelemba zinatofautiana kwa jambo gani?
2. Kwa nini jamaa nzima inaandikishwa pamoja?
3. Taja sababu mbili zinazofanya mapatano yageuzwe.
4. Fakture ni franka 60,000 na sehemu ya mgonjwa ni 20 katika 100. Mgonjwa atalipa ngapi, na mituweli ngapi?
5. Karte ya nyumba yako ni ya mwaka gani? Nenda uitazame leo.