Asiyesadiki, Mbona Haachi Kuuliza?

Wazazi wengi yamewapata haya. Kijana amekwenda Chuo Kikuu, akarudi likizo, na Jumapili asubuhi abaki kitandani akisema kwamba kwake habari za Mungu zimekwisha. Lakini jioni, wakati wa chakula, ni yeye mwenyewe aanzaye: “Baba, mwajuaje ya kuwa Mungu yuko? Mama, mbona watu wema wateseka?” Wazazi hushangaa. Mtu aliyekwisha kuitupa dini, ya nini kuizungumza mpaka usiku wa manane? Wengine hukasirika, wakasema ni kiburi tu. Tusiwe wepesi wa kuhukumu, kwanza tuchunguze.

Mwaka 1948 redio ya BBC huko Uingereza ilitangaza mazungumzo ya wanafalsafa wawili: Padre Frederick Copleston, Mjesuiti, na Bertrand Russell, ambaye tangu mwaka 1927 alikuwa ameeleza hadharani kwa nini yeye si Mkristo. Padre alitoa hoja kwamba vitu vyote tuvionavyo vyaweza kuwako au kutokuwako. Basi lazima awepo Mmoja asiyetegemea kingine, aliye asili ya vyote. Russell alijibu kuwa ulimwengu upo tu, wala hakuna zaidi la kueleza. Hata hivyo, alipoulizwa kama adai kwamba yaweza kuthibitishwa kuwa Mungu hayuko, alisema kuwa hadai hivyo. Hawakupatana, wala hawakutukanana.

Hapa twaona sababu ya kwanza: swali lenyewe ni kubwa. Mtu aweza kulikataa jibu letu, lakini swali lisimwache. Kifo, haki, mateso ya mtoto mchanga: hayo humkabili asiyesadiki sawasawa na anayesadiki.

Sababu ya pili ni kwamba dini haikai kanisani tu. Yagusa ndoa, shule, sheria na serikali. Na asiyesadiki aishi humo pamoja nasi. Januari 2004, mjini Munich, Ujerumani, mwanafalsafa Jürgen Habermas, asiye mtu wa dini, alijadiliana na Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye mwaka 2005 alichaguliwa kuwa Papa Benedikto wa 16, juu ya misingi ya maadili ya dola huru. Habermas alikubali kwamba wasio na dini nao waweza kujifunza jambo kutoka kwa wenye dini.

Sababu ya tatu ni chungu kwetu. Wako waliojeruhiwa na sisi wenyewe. Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika hati yake Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulikiri wazi kwamba waamini wanaweza kuwa na sehemu yao katika kumkana Mungu kwa wengine: kwa kufundisha vibaya, au kwa mwenendo unaouficha uso wa Mungu badala ya kuudhihirisha. Mtaguso huo huo ulihimiza mazungumzo ya kweli na ya busara pamoja nao.

Basi, wazazi, tufanye nini? Tusimwambie kijana kwamba moyoni anasadiki ila hataki kukiri. Huko ni kumdharau, kwani huenda amefika hapo kwa kufikiri sana. Wala tusiifiche imani yetu ili tumpendeze. Albert Camus, mwandishi Mfaransa asiyesadiki, alipozungumza na Wadominiko mjini Paris baada ya Vita Kuu ya Pili, hakuwaomba waache mafundisho yao. Aliwataka wabaki Wakristo kweli, na waupinge uovu kwa sauti iliyo wazi.

Mtume Petro atuagiza tuwe tayari kueleza sababu ya matumaini yetu, lakini kwa upole na heshima. Kwa hiyo ukijua jibu, litoe. Usipojua, sema hujui, kisha mtafute pamoja, au mwalikeni padre aje mezani kwenu. Ikiwa kosa ni letu, tulikubali bila kujitetea. Na baada ya chakula salini Rozari kama desturi yenu, bila kumlazimisha, mlango ukiwa wazi. Kuuliza si ujinga. Nyumba ambamo mtoto angali anauliza ni nyumba ambamo angali anawatumaini wazazi wake.