Mafuriko Lodwar na Kakuma: Mwongozo kwa Waumini Wanaojitolea

Turkana, mto huweza kufurika jua likiwaka. Mvua hunyesha mbali milimani, kisha maji huteremka kwa mito ya Turkwel na Kawalase hadi Lodwar, au kwa Tarach hadi Kakuma. Nyumba za matofali mabichi huloa na kuporomoka, na wengi hukimbilia kanisani. Anayebisha hodi aweza kuwa mama wa Kiturkana, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, au mmisionari ambaye nyumba yake imeingia maji. Wote wapokelewe kwa utaratibu mmoja, bila kuulizwa dhehebu.

Usalama wako kwanza. Usivuke laga (mkondo wa mto wa msimu) yenye maji yanayokwenda kasi, hata kama yanakufika magotini tu. Vaa gambuti: miiba ya mti wa mathenge hujificha topeni na hutoboa ndara kwa urahisi.

Andikisha kabla ya kugawa. Weka meza mlangoni. Andika jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, wajawazito, wazee, wagonjwa na dawa wanazotumia. Wape chifu na Msalaba Mwekundu (simu 1199) idadi na mahitaji. Orodha ya majina isibandikwe ukutani.

Maji na choo. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kisitumiwe hadi kisafishwe. Chemsha maji ya kunywa au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mwenye kuhara apelekwe zahanati mara moja. Njiani anyweshwe lita 1 ya maji safi iliyochanganywa na vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Choo cha wanawake kiwe na taa na komeo la ndani.

Watoto. Mtoto aliyepotezana na wazazi asichukuliwe na mtu nyumbani, hata kwa nia njema. Andika alipoonekana, akae na wahudumu wawili, kisha upige simu 116, namba ya msaada kwa watoto.

Chakula na nguo. Uliza kabla ya kuleta. Familia yenye unga bila sufuria bado italala njaa. Waislamu waelezwe nyama imechinjwa na nani.

Msisubiri mvua za Machi. Jumapili hii chagueni atakayeshika ufunguo wa ukumbi, wawili wa daftari, wakalimani wa Kiturkana, Kisomali na Kiarabu, na dereva. Aliyepoteza nyumba asipoteze tena saa tatu akitafuta wa kumfungulia mlango.