Kompyuta ya Bei Nafuu na Nyumba Isiyo na Televisheni

Mwezi Machi 1981 kampuni ya Sinclair Research ya mjini Cambridge, Uingereza, ilitoa kompyuta ndogo ya nyumbani iliyoitwa ZX81. Bei yake ilikuwa paundi 69.95, aliyeiunganisha mwenyewe alilipa paundi 49.95. Ziliuzwa zaidi ya milioni moja. Kwa nini basi hazikuenea katika nyumba za Shinyanga na Geita?

Yafaa kwanza kueleza jinsi unafuu huo ulivyopatikana. Wahandisi walipunguza chipu za mashine zikabaki 4. Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 1,024 tu, yaani pungufu ya herufi za ukurasa mmoja wa kitabu. Tena mashine haikuwa na kioo chake cha kuonyeshea maandishi wala chombo cha kuhifadhia kazi. Mnunuzi aliiunganisha na televisheni yake, na programu zikahifadhiwa katika kanda ya kaseti. Hivyo sehemu ya gharama haikuondolewa, bali mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuilipa.

Huko Shinyanga na Geita hali ilikuwa nyingine. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Lakini hata pasipo katazo hilo kikwazo kingalibaki. Redio za kaseti zilikuwapo. Vijiji vingi havikuwa na umeme, lakini ZX81 ilihitaji volti 9 tu, na betri 6 za redio zenye volti 1.5 kila moja, zikiunganishwa mfululizo, hutoa volti hizo: 6 × 1.5 = 9. Kilichokosekana ni televisheni. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilianza matangazo mwaka 1994. Pasipo matangazo, nani angenunua televisheni?

Simu ya mkononi ilifuata njia tofauti. Ingawa ilihitaji minara, ilibeba yenyewe kioo, betri na kumbukumbu. Ndiyo maana mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Geita aliweza kutuma fedha nyumbani kwa simu baada ya huduma ya M-Pesa kuanza nchini mwaka 2008.

Basi bei ya chombo haipimwi dukani peke yake, bali pamoja na vyombo vinavyokitegemeza.

Zoezi: Chagueni chombo kimoja cha maabara ya shule yenu. Orodhesheni kila kitu kinachohitajika ili kifanye kazi, kisha kadirieni gharama ya vyote.