PUNJE ZISIZOSHIKIKA: ISTILAHI ZA MAMOGRAFIA NA MSIKILIZAJI WA GAKINDU

1.0 Utangulizi

Saratani ya matiti ndiyo inayoongoza kwa idadi ya wagonjwa wapya wa saratani nchini Kenya, na wengi wao hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa. Kwa muda mrefu wanawake wameambiwa wajipapase, na wakigusa uvimbe waende hospitali. Ujumbe huo ni wa kweli lakini haujakamilika, kwa kuwa ziko dalili za awali ambazo mkono hauzihisi. Huonekana kwenye picha tu.

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyozitaja dalili hizo. Hoja yake ni kwamba istilahi ikiteuliwa bila kumfikiria msikilizaji, picha nzuri huweza kuzaa uamuzi mbaya. Msikilizaji anayekusudiwa ni mwanamke wa Gakindu, eneo la Mukurwe-ini katika Kaunti ya Nyeri, anayelima kahawa na kufuga ng'ombe wa maziwa. Nyumbani huzungumza Gĩkũyũ, na akikutana na mhudumu asiye wa kwao huzungumza Kiswahili. Ripoti ya picha yake, hata hivyo, huandikwa kwa Kiingereza.

2.0 Kinachoonekana kwenye picha

Mamografia ni eksirei ya titi. Titi hubanwa baina ya vibao viwili ili litandazike, kisha hupigwa picha kwa pembe mbili. Miongoni mwa yanayoweza kuonekana ni vidoa vyeupe, kwa kawaida visivyofikia nusu milimita. Mwaka 1913, Albert Salomon, daktari wa upasuaji wa Berlin, aliviona alipoyapiga eksirei matiti yaliyokwisha kuondolewa kwa upasuaji. Katikati ya karne ya 20, Raúl Leborgne wa Uruguay alivifananisha na punje za chumvi, akasisitiza umuhimu wa kulibana titi wakati wa kupiga picha.

Kuonekana kwa vidoa si kuonekana kwa saratani. Vingi havina madhara. Mtaalamu husoma umbo na mpangilio wake. Vikiwa vya mviringo, vinafanana na vimetawanyika katika matiti yote mawili, kwa kawaida havitii shaka. Vikiwa vimesongamana mahali pamoja, vina maumbo yasiyolingana, au vimejipanga kufuata mfereji wa titi, hutia shaka, kwani huenda ndani ya mfereji mna saratani changa ambayo haijapenya kuta zake. Hapo hupigwa picha za kukuza, na ikibidi huchukuliwa vipande vidogo vya nyama kwa sindano inayoongozwa na picha. Vipande hivyo navyo hupigwa eksirei ili kuhakikisha vidoa vimo, kisha hupelekwa maabara. Ultrasaundi hufaa sana katika kuchunguza uvimbe, lakini mara nyingi haivionyeshi vidoa hivi.

3.0 Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni neno "chembechembe". Mfasiri akisema "chembechembe za kalsiamu", anatumia neno lililokwisha kupewa kazi nyingine: chembe hai, chembe nyeupe za damu. Msikilizaji huweza kudhani kwamba ameambiwa ana chembe za saratani zinazotembea mwilini, ilhali kilichoonekana ni mabaki makavu yasiyo na uhai, ambayo ni dalili na wala si ugonjwa wenyewe.

Mtego wa pili ni "kalsiamu". Katika nchi ya ng'ombe wa maziwa, neno hilo hufunzwa shuleni na kliniki pamoja na maziwa. Mwanamke aliyesikia kwamba kalsiamu imeganda titini ana sababu ya kuacha kunywa maziwa na kuamini kuwa amejitibu. Ukweli ni kwamba vidoa hivi havitokani na kalsiamu ya chakula. Kuacha maziwa hakuviondoi, na kunaweza kumfanya aahirishe safari ya kurudi hospitalini.

Mtego wa tatu ni tarakimu. Mfumo wa BI-RADS, uliotolewa na wataalamu wa radiolojia wa Marekani mwaka 1993, huyapanga matokeo kuanzia 0 hadi 6. Katika mazungumzo ya kawaida, sifuri ni hakuna kitu. Katika mfumo huu, 0 humaanisha kwamba uchunguzi haujakamilika na picha zaidi zinahitajika. Matokeo yasiyo na kasoro ni 1. Anayeisoma sifuri kwa Kiswahili cha sokoni huenda asirudi.

4.0 Pendekezo

Wanafunzi wa istilahi hufunzwa kwamba neno zuri huwa wazi na halikanganyi mfumo uliopo. Kwa vigezo hivyo, "vipunje vya chokaa" ni afadhali kuliko "chembechembe za kalsiamu". Punje haidokezi uhai, nayo chokaa haidokezi maziwa, na weupe wake unalingana na kinachoonekana pichani. Wajerumani nao hutumia neno lao la chokaa kwa dalili hiihii. Kasoro ipo: chokaa huweza kuleta picha ya kitu kilichopakwa kutoka nje. Kwa hiyo istilahi iandamane na sentensi moja ya maelezo: "Ni alama, umbo na mpangilio wake ndio utakaotuambia kama kuna haja ya kupima zaidi." Vilevile 0 ifasiriwe "bado haijakamilika", isitajwe peke yake.

5.0 Hitimisho

Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kukodi vifaa vya tiba kwa hospitali mbili katika kila kaunti, mashine za mamografia zikiwemo. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2018 nao ulipendekeza mamografia kwa wanawake wa miaka 40 hadi 74. Mashine huonyesha, lakini hazielezi. Baina ya picha iliyopigwa mjini Nyeri na uamuzi unaofanywa jikoni Gakindu kuna maneno machache, na kuyateua maneno hayo ni kazi ya taaluma ya Kiswahili. Istilahi hizi zisiishie kamusini; zipelekwe kwa wanawake wenyewe, waulizwe wamezielewaje, kabla ya kuitwa sanifu.