Ramani kwanza, jipiesi baadaye

Jipiesi yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya rangi za skrini. Muuzaji aliiwasha pale dukani, ikaonyesha barabara kuu ya kutoka Dar kwenda Morogoro kwa mstari mwekundu, nami nikahesabu fedha. Wiki mbili baadaye nilikuwa juu ya Morningside, kwenye Milima ya Uluguru. Ukungu ulikuwa umeshuka ghafla, njia imegawanyika mbili mbele yetu, nikaitoa jipiesi mfukoni kwa majivuno. Skrini ilikuwa tupu. Katikati palikuwa na mshale mweusi, ambao ndio mimi, na pembeni kabisa ule mstari mwekundu wa barabara ya Dar. Nilijua nilipo, pengine kwa kosa la mita tano tu. Pa kukanyaga sikupajua. Mwongozaji wetu, mzee wa Kiluguru, alikitazama kile kifaa, akakohoa kidogo, akashika njia ya kushoto.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue jipiesi gani, namuuliza anakwenda wapi na ana ramani gani ya huko. Kifaa chenyewe kinajua namba tu, kama latitudo na longitudo. Mto, korongo, njia ya miguu na kijiji kinachouza chai vyote hutoka kwenye ramani. Ramani inayokuja ndani ya kifaa kipya aghalabu ni ya dunia nzima, na ramani ya dunia nzima huishia kwenye miji na barabara kuu.

Kuna safari zisizohitaji jipiesi hata kidogo, na ni heri kuambiwa mapema. Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila mwongozaji, na njia zake zimekanyagwa hadi zimekuwa barabara. Mlima Meru unapanda ukiwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Huko jipiesi ni ya kujifurahisha, ya kuwaonyesha watoto nyumbani ulikopita. Inapata kazi yake Usambara, ukitembea siku tatu au nne kutoka Lushoto hadi Mtae kwa njia za mashambani zinazokatana kila baada ya nyumba kumi; Uluguru; nyanda za juu za Mlima Kenya na Aberdare, ambako ukungu ukiingia huoni hata mwenzako; na kwenye safari za baiskeli porini. Mwongozaji wa kijijini bado mchukue. Yeye anajua daraja lililosombwa na mvua za mwezi uliopita, na hakuna setilaiti inayojua hilo.

Kabla ya kununua chochote, jaribu simu uliyonayo. Wengi bado wanaamini kwamba GPS ya simu inakula bando. Haili. Setilaiti ziko kama kilomita 20,200 juu yetu, zinatangaza kama redio, na simu inasikiliza tu. Kinachokula bando ni picha ya ramani inayoshushwa kila unaposogea. Pakua programu kama OsmAnd au Organic Maps, shusha ramani nzima ya Tanzania au Kenya ukiwa nyumbani kwenye waifai, kisha zima data, washa hali ya ndegeni na utembee mtaani kwako kwa saa moja. Ukiona kidoti kinakufuata vizuri, umekwisha kupata jipiesi ya kutosha kwa matembezi ya siku moja. Nimewaokolea watu kadhaa fedha zao kwa jaribio hili.

Simu inashindwa kwa mambo manne: chaji, mvua, jua na kuanguka. Siku ya pili ya safari, ukiwa umepiga picha tangu asubuhi, chaji inafika asilimia kumi na pawabenki uliiacha kwenye begi lililobebwa na mwenzako aliyetangulia. Mvua ikinyesha, matone yanaanza kubonyeza skrini yenyewe na vidole vyako vilivyolowa havisikiki. Kama safari zako ni za siku nyingi, au za mvua na baridi, hapo ndipo kifaa cha mkononi kinapostahili fedha.

Unapokichagua, achana kwanza na orodha ya sifa iliyo nyuma ya boksi. Kishike mkononi. Vitufe vina maana kuliko skrini ya mguso, kwa sababu vitufe unavibonyeza hata ukiwa na glavu, hata mvuani. Kitoe nje ya duka juani: skrini nzuri ya jipiesi inasomeka zaidi jua likiiwakia, bila taa ya ndani, kinyume kabisa na simu. Kisha fungua mlango wa betri. Mimi napenda vinavyotumia betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani, maana duka lolote la kijijini lenye sabuni na kiberiti linazo. Garmin eTrex 22x na 32x hukaa kama saa 25 kwa jozi moja. Vya betri ya ndani siku hizi vimekuwa vigumu kuvidharau, GPSMAP 67 inatajwa kufika saa 180, lakini vikizima, vimezima, hadi upate umeme. Kwenye baridi kali ya karibu na barafu, betri za kawaida za alkali huchoka haraka. Chukua za lithiamu, au lala na betri ndani ya begi la kulalia.

Swali la kumuuliza muuzaji, na usikubali jibu la kuzungukazunguka, ni hili: je, ninaweza kuweka ramani yangu mwenyewe? Vipo vifaa visivyokubali. Garmin eTrex SE, kwa mfano, ni imara, ina dira ya kielektroniki, inakaa na betri mbili kwa takriban saa 168, na Marekani iliingia sokoni kwa karibu dola 150. Lakini haionyeshi ramani kwenye skrini yake. Inakupa pointi, mwelekeo na umbali. Kwa mtafiti wa ndege au mtu anayepima shamba inatosha sana. Mtu aliyesimama kwenye njia panda ndani ya ukungu atakuwa kama nilivyokuwa mimi. Tafuta chenye tundu la kadi ya memori.

Jambo jingine ambalo halisemwi dukani: vifaa vingi vya bei ya chini havina dira halisi. Vinajua unakoelekea pale tu unapotembea. Ukisimama, mshale unabaki ulikokuwa au unazungukazunguka ovyo, na wewe ndipo hasa unapousoma kwa sababu umepotea na umesimama. 22x ni ya namna hiyo. 32x ina dira yake. Ukichagua isiyo na dira, weka dira ya kawaida ya sindano mfukoni. Ni nyepesi, na haina betri.

Mtumba si dhambi. Angalia kutu kwenye vyuma vya betri, bonyeza kila kitufe, chomeka kadi na waya. Halafu kipeleke uwanjani, kiweke chini pasipo na miti wala kuta, ukiache kimya kwa robo saa. Kifaa kilicholala muda mrefu hakijui tena setilaiti ziko wapi, na tangazo zima la setilaiti huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Watu wengi hukata tamaa dakika ya tatu, wakasema kibovu.

Sasa ramani. Ya kuanzia ni OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Haina malipo, na OpenTopoMap hutoa mafaili yake yaliyotayarishwa kwa ajili ya Garmin, nchi kwa nchi, pamoja na kontua, ile mistari ya kuonyesha urefu wa ardhi. Unashusha faili lenye mwisho wa .img, unaliweka kwenye kadi ndani ya folda iitwayo Garmin, unawasha. Vifaa vya zamani vinachagua zaidi: vinataka faili liitwe gmapsupp.img, jina jingine havilioni. Ukiwa mtu wa gari na barabara za vumbi kuliko wa miguu, Tracks4Africa ni ramani ya kulipia iliyokusanywa kutokana na safari za madereva wenyewe, na inafaa bei yake.

Usiipokee ramani bila kuihoji. Kabla ya safari, ikuze pale unapokwenda na uhesabu njia za miguu. Kama kijiji unachokijua kina njia kumi na ramani inaonyesha moja, basi huko kwingine usikokujua nako ni hivyohivyo. Kontua nyingi unazoziona zimetokana na rada ya chombo cha anga cha Endeavour, kilichopima dunia mwezi Februari 2000, kipimo kimoja kwa kila mita 30 hivi. Mwamba mkali kama ule wa Irente, Lushoto, kwa kipimo hicho unaweza kulainika ukaonekana mteremko wa kawaida. Na kwenye msitu mnene, rada ilipima zaidi vilele vya miti kuliko udongo. Kwa hiyo kontua zikikaribiana sana, soma: pengine ni ukuta.

Ramani za karatasi za skeli ya 1:50,000, zile za serikali zilizochorwa enzi za Idara ya Upimaji ya Uingereza, bado nazipenda kuliko zote kwa umbo la ardhi. Mabonde yako sawa, mito iko sawa, ingawa barabara na shule zimepitwa na wakati. Lakini zina mtego, na nilinaswa. Nilisoma gridi ya chemchemi moja Usambara kutoka kwenye karatasi, nikaingiza kwenye jipiesi, nikatembea hadi kifaa kikasema nimefika. Nilikuwa katikati ya shamba la kabichi. Mama aliyekuwa akipalilia aliniuliza, “Unatafuta nini, mwanangu?” Nilipomwambia, akanyoosha jembe: chemchemi ilikuwa ng’ambo ya pili ya korongo.

Kosa halikuwa la kifaa wala la karatasi. Ramani zile za Tanzania na Kenya zimejengwa juu ya datumu (msingi wa kupimia namba) iitwayo Arc 1960, ilhali jipiesi inatoka kiwandani ikiwa kwenye WGS 84. Namba zilezile katika datumu hizi mbili ni sehemu mbili tofauti, zinazoachana kwa takriban mita 300, hasa upande wa kaskazini na kusini. Dawa yake ni ya dakika moja. Pembezoni mwa karatasi soma jina la datumu. Kwenye mipangilio ya kifaa tafuta Arc 1960, chagua. Ukimaliza na karatasi, rudisha WGS 84. Angalia pia kanda ya gridi. Longitudo ya 36 inakata kaskazini mwa Tanzania: ukitoka Arusha kwenda Karatu, Makuyuni bado uko kanda ya 37, ukifika Mto wa Mbu umeingia ya 36, na namba za mashariki zinaruka kama zimeingiwa na wazimu.

Mtego mwingine ni wa nukta. Mtu anakutumia ujumbe: “Kambi ipo 4.47 kusini, 38.17 mashariki.” Alichomaanisha ni digrii 4 na dakika 47, digrii 38 na dakika 17, yaani Lushoto. Wewe ukiingiza kama digrii zenye desimali, kifaa kitakupeleka kwenye nyika iliyo chini ya Mtae, kama kilomita 37 mbali na chakula cha jioni. Kubalianeni mtindo mmoja kabla ya safari, na mwombe mwenzako akutumie pointi yenyewe kama faili, si namba za kuandikwa kwa kidole. Pointi za vitabu vya safari vya miaka ya 1990 nazo zitumie kwa tahadhari: hadi tarehe 2 Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiichafua GPS ya raia kwa makusudi, na kosa la mita 100 lilikuwa la kawaida.

Kuhusu urefu kutoka usawa wa bahari, usigombane na mtu. Kipimo cha juu-chini cha GPS huwa kibovu kuliko cha pembeni, na kifaa chenye kipimahewa kinadanganywa na hewa yenyewe, ambayo huku kwetu karibu na ikweta inapanda na kushuka mara mbili kila siku kwa mpangilio. Ukikiacha hemani, kinaweza kukuambia hema limepanda mita 20 na kurudi.

Asubuhi ya safari, piga pointi mahali gari lilipoegeshwa au ulipolala, uipe jina linaloeleweka, si “001”. Washa kurekodi treki, yaani alama za njia unayopita. Andika namba za pointi hiyo kwenye kikaratasi, ukiweke mfuko tofauti na ule wa kifaa. Ukipotea, usikate moja kwa moja kuufuata mshale. Mshale hauoni korongo. Rudi kwa treki yako, hatua kwa hatua, hadi pale ulipokuwa na uhakika.

Na ukirudi nyumbani, ingiza treki yako kwenye OpenStreetMap, uchore njia uliyopita. Njia za milima yetu hazipo kwenye ramani kwa sababu wanaozipita hawajazichora. Ile ya kushoto juu ya Morningside nimeichora mimi. Ya kulia sijaipita, atakayeipita aichore.