SOMO: MDIRIA NA UKINGO WA MTO

Ukiteremka kwenye Mto Kitengela au Mbagathi, angalia ukingo uliosimama wima kama ukuta. Ukiona kitundu cha mviringo pale juu, huenda ni nyumbani kwa mdiria, yule ndege wa mdomo mrefu anayejitupa majini kukamata samaki.

Mdiria hajengi kwa nyasi. Yule mweusi kwa mweupe, mume na mke huchimba kwa midomo na kutoa udongo kwa miguu. Shimo hupita mita 1, na mwisho wake pana chumba. Humo mama hutaga mayai meupe, mara nyingi 4 au 5. Wote wawili huatamia kwa zamu, kama siku 18.

Hata kulea husaidiana. Mtaalamu Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza katika Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha, akaandika habari zao mwaka wa 1980 na 1984. Aliona kwamba vijana wa kiume hubaki na wazazi ili kulisha wadogo wao. Kule Victoria, ambako kupata samaki ni kazi ngumu, hata madume wasio wa ukoo hupokewa wasaidie.

Sasa tuje kwetu. Lori la mchanga likifika, ukingo huchimbwa chini mpaka unaporomoka. Shimo linakwenda pamoja na makinda. Lakini hasara si ya ndege tu. Ukingo ukianguka unaweza kumfukia mchimbaji mwenyewe. Tena mchanga wa mito yetu ya msimu ndio unaotunza maji wakati wa kiangazi. Ukiisha, mama anatembea mbali zaidi na mtungi wake.

Hatusemi vijana wakose kazi, maana pesa ya mchanga inalipa karo. Lakini mwongozo wa NEMA wa 2007 unakataza kuchimba kwenye kingo. Basi wazee, akina mama na vijana wakae chini, waelewane ni wapi pa kuchota na wapi pa kuacha.

Maswali ya kikundi:
1. Ni ukingo gani karibu nasi bado una mashimo ya mdiria?
2. Kiangazi kilichopita tulichota maji wapi?
3. Nani ataongea na vijana wa mchanga, na lini?