Chokaa na asidi machoni: maswali yanayoniudhi

Asidi ya betri imeniingia jichoni. Nioshe na maziwa?

Maji. Ya bomba au ya ndoo, yatiririke nusu saa nzima, papo hapo ulipo. Hospitali inafuata.

Mimi ni mwashi, Ruashi. Ni chokaa tu. Nisubiri asubuhi?

Usisubiri hata dakika. Huku kwetu kila mtu anaogopa asidi ya salfa, hasa tangu lori lilipoimwaga Kabwe, njia ya Kolwezi, Februari 2019, na watu wakafa. Lakini asidi mara nyingi hugandisha nyama ya juu, na mgando huo huikinga kidogo sehemu ya ndani. Chokaa na soda ya sabuni huyeyusha nyama na kuzama. Tena punje za chokaa hujificha chini ya kope la juu; muuguzi alipindue na kuzitoa kwa pamba, la sivyo zitaendelea kuunguza.

Katuba, Kamalondo, Likasi, barua ni ile ile: "Jicho limekuwa jeupe. Kwa nini hamniwekei kioo kipya?"

Kwa sababu kikiwekwa peke yake kitaharibika. Mnanitajia Eduard Zirm, aliyempandikizia konea, yaani hicho kioo cha jicho, kibarua aliyeunguzwa na chokaa, huko Olomouc, Desemba 1905. Ni kweli, jicho moja liliona. Lakini konea hufunikwa na ngozi laini inayozalishwa na seli mama zilizo kwenye mviringo, pale cheusi kinapokutana na cheupe. Zikiungua zote, ngozi hiyo hairudi, na mishipa ya damu hutambaa juu ya kioo, kiwe cha zamani au kipya.

Kwa hiyo kuna utaratibu. Kwanza tunaondoa nyama iliyokufa na kushonea utando wa ndani wa kondo la nyuma ili kidonda kifunge. Miezi baadaye, uvimbe ukitulia, tunachukua kipande cha mviringo kutoka jicho zima. Mwaka 2012 Sangwan na wenzake wa Hyderabad walionyesha kwamba kipande cha milimita 2 kwa 2, kikikatwakatwa na kutandazwa, kinatosha. Yakiungua macho yote mawili, seli hutoka kwa ndugu, pamoja na dawa za kuzuia mwili usizikatae. Konea huja mwisho.

Mganga anakwangua weupe. Niendelee?

Anakwangua seli chache ulizobaki nazo. Acha leo.

Matone ya ganzi ya sokoni yananituliza.

Yatupe. Yanazuia kidonda kufunga.

Bosi anasema miwani ni ghali.

Miwani ya kazi na dumu la maji safi kando ya pipa la chokaa: asiye na hivyo viwili asimwite mtu kazini.